Pikipiki Iliyorithi Homa

Enos Magesa Keraryo, fundi pikipiki wa Butiama, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Babu yetu Keraryo alifua majembe yaliyolima mpaka ng'ambo ya mto Mara. Baba yetu Magesa, mwaka ule mikanda ya mashine za kusaga haikupatikana nchi nzima, alichinja fahali wake, akakata ngozi ikawa mkanda, watu wakala ugali. Enos naye alimbeba binti yangu Gaudensia, aliyeng'atwa na nyoka, kutoka Bunda mpaka hospitali ya Musoma kwa pikipiki isiyo na breki. Nayasema haya ili ijulikane kwamba ninayemwandika hakuokotwa jalalani.

Pikipiki ikitetemeka, wengi hukimbilia kufungua injini. Enos huwa anauliza kwanza: inakutetemeshea wapi? Ukisema mikononi, anaanza na gurudumu la mbele. Ukisema makalioni, anaangalia la nyuma na mnyororo. Ukisema miguuni, anainama kwenye injini. Asiyejua kujibu anarudishwa barabarani akajisikilize.

Mwaka jana, Alhamisi moja mchana, alikuja Anastazia, mjane wa Bukima, anayepeleka samaki Musoma kwa pikipiki ya marehemu mumewe Kasmiri. Nyuma yake, kwa pikipiki nyingine, alikuja shemeji yake Lameck. Nilikuwa nimekaa pale karakana nikichambua mboga, nikasikia yote.

Enos akauliza swali lake. Mama yule akajibu, "Mwili mzima, fundi."

Kasmiri alikufa kwa homa. Siku tatu alitetemeka mpaka kitanda kikasogea kutoka ukutani. Akazikwa. Wiki moja baadaye, mshale wa mwendo ulipogusa sitini, pikipiki ikaanza kutetemeka vilevile: taratibu, halafu kwa nguvu, halafu meno yanagongana. Kwenye kioo cha pembeni barabara ilipotea, kikabaki kivuli kinachochezacheza kama mtu aliyekaa nyuma ya Anastazia. Abiria aliokuwa akiwabeba njiani wakaacha kupanda. Wazee wa ukoo wakaamua kwamba mwenye mali anaitaka mali yake, na Jumapili baada ya misa itasukumwa ziwani. Bila pikipiki Anastazia hakuwa na cha kuwalisha watoto; angerudi kwao Mugeta mikono mitupu, na watoto wangebaki kwa ukoo wa mume, maana ng'ombe wa mahari walishatolewa.

Lameck alifuatana naye ili pikipiki isifichwe. Akamwambia Enos asijisumbue, maana hata padre alishainyunyizia maji.

"Maji yanaleta kutu," Enos akasema, akaipanda.

Alikwenda nayo barabara ya Musoma. Aliporudi, uso wake sikuupenda. Akatueleza alichofanya: ilipofika sitini ikaanza. Akashika klachi, akaacha injini ipunguze moto huku magurudumu yakiendelea kukimbia. Mtetemo ukakatika palepale, kama mtu aliyekuwa anaongea akasikia jina lake. Akaachia klachi, ukarudi. Kwa hiyo si tairi, si spoki, si mnyororo. Ilikuwa injini yenyewe, au kile kinachoishika.

Akaizima, akasubiri ipoe, akalala chini yake na tochi. Injini ile ilitakiwa kushikwa kwenye fremu na boliti nne. Zilikuwa tatu. Tundu la nne lilikuwa tupu, na halikuwa limelika. Boliti ikilegea yenyewe huacha makovu. Hii ilifunguliwa na mtu, kwa spana, taratibu.

Enos akaketi. Akamgeukia Lameck.

"Hii boliti iko wapi?"

Lameck akatazama barabarani.

"Tulimpa," akasema.

"Mlimpa nani?"

"Kaka. Tulimfumbatisha mkononi."

Ndipo tukaelewa. Kwenye ukoo wao mwanamume hazikwi bila kipande cha kazi yake. Mvuvi hupewa kifundo cha wavu wake, mkulima kibanzi cha mpini. Kasmiri alikuwa dereva, wakampa boliti. Lameck alichagua ile iliyojificha, akidhani ni ya ziada tu, na kwa aibu ya kuifungua bila ruhusa hakumwambia shemeji yake.

Anastazia hakulia. Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Kwa hiyo shemeji, miezi yote hii mnaniambia mume wangu ananifuata, kumbe wewe ndiye uliyemfungulia mlango?"

Lameck akanong'ona akiuliza kama ingefaa wakaifukue. Enos akamkatalia. Alichotoa mtu amekitoa. Alitafuta boliti nyingine ya saizi ileile, akaifunga, akazikaza zote, akamkabidhi Anastazia pikipiki aijaribu mwenyewe. Alikwenda na kurudi akiwa amekaa wima, kitambaa kichwani hakijasogea. Akasema sitini ilipita, sabini ikapita, na kioo kilionyesha barabara.

Kuna jambo ambalo Enos aliniambia mimi peke yangu, wao walipokwenda kunawa. Alipokuwa chini, injini imezimwa na imeshapoa, aliweka kidole kwenye lile tundu tupu. Chuma kilikuwa kinatetemeka, kidogo tu, kama ngozi ya mbuzi inzi akitua. Nikamuuliza kama si mkono wake uliokuwa unatetemeka, maana umri umeenda.

"Dada, mkono wangu naujua."

Waliporudi, Lameck alisema atawaeleza wazee kosa lake, na ziwani hakuna atakayekwenda. Enos akachukua spana namba kumi na nne, akaifuta mafuta, akamwekea kiganjani, akakifunga kiganja kile kwa mikono yake miwili.

"Kila Jumamosi, jua likiwa juu, unapita kwa shemeji yako," akamwambia. "Unazikaza boliti zote nne. Na unazihesabu kwa sauti, yeye akisikia. Siku ukizikuta tatu, usimuulize mtu. Njoo Butiama uniite."