Mgeni Asiye na Kazi

Mwanangu wa kwanza aliishi siku chache, wa pili hakufika siku arobaini. Hakuna karatasi popote iliyosema kwamba walikuwapo. Kwa hiyo nilipochukua mimba ya tatu nilimwambia mume wangu jambo moja tu: huyu ataandikishwa serikalini angali hai, apate cheti chenye muhuri. Mama mkwe alisikia akanuna. Yeye aliamini wale wawili waliondoka kwa husuda, kwa sababu tuliwatangaza mapema, na cheti kwake kilikuwa kutangaza kwa wino.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kubishana naye. Hata mimba yenyewe aliificha. Miezi ya mwisho nilikaa ndani, na kila aliyeuliza aliambiwa naumwa na miguu. Mtoto alipozaliwa, wa kiume, ikatoka amri: neno mtoto lisitamkwe nyumbani mpaka arobaini ipite. Kwetu Pemba kichanga huitwa mgeni, ni mazoea ya mapenzi tu, na baada ya siku chache watu husahau. Nyumbani mwetu ikawa sheria. Mgeni kaamka. Mgeni kajikojolea. Mgeni anataka ziwa.

Miaka ile ilikuwa ya uchaguzi na maneno mengi, na masheha, wakuu wa vijiji, walikuwa wameagizwa waangalie nani anaingia vijijini na nani anatoka. Sheha wetu alikaa mbali, ng'ambo ya mashamba ya mikarafuu, na kazi yake aliipenda kupita kiasi. Asubuhi moja alikuja barazani kwetu. Mimi nilikuwa ndani, nimelala chini ya dirisha, mtoto kifuani amesinzia, nikasikia kila kitu.

"Nasikia mna mgeni," sheha alisema.

"Tunaye, Bwana Sheha," alijibu mume wangu. Mamake alikuwa amesimama mlangoni akimkodolea macho.

"Kaja lini?"

"Ijumaa, alfajiri."

"Mwanamme au mwanamke?"

"Mwanamme."

"Kaja na mizigo?"

"Kaja mikono mitupu."

"Na kazi yake?"

Mume wangu alifikiri kidogo. "Hana kazi. Kula na kulala."

"Atakaa?"

"Twamuomba Mungu akae."

Sheha akampa pole. Akasema mgeni huyo aonywe asizurure usiku, na mume wangu akasema hazururi. Basi sheha akaenda zake. Mimi mle ndani nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Taarifa za uzazi nazo hupitia kwa sheha, nikamwona mume wangu mjanja kuliko watu wote: kamwandikisha mtoto bila ya kumtaja. Yeye mwenyewe alijiona hivyo hivyo, na siku ile alikula sana.

Arobaini ilipopita nikapanda basi la Chake kwenda kuchukua cheti. Mume wangu alikuwa Tumbe kwenye biashara yake ya samaki, kwa hiyo nilikwenda na mama mkwe. Hakuja kunisindikiza, alikuja kulinda. Alikuwa amempaka mtoto masizi uso mzima ili asitamanike, akamfunika kanga gubigubi, na njia nzima hakusema nami.

Karani wa ofisi ya vizazi alikuwa kijana wa Unguja, mwenye adabu. Alitafuta daftarini, akatafuta tena.

"Hayumo, bibi."

Mama mkwe akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia karani kwamba sheha alikuja mwenyewe nyumbani kwetu, akauliza, akajibiwa. Karani akaniuliza jina la sheha na la kijiji, akaenda kuzungumza na mwenzake anayepokea taarifa za masheha. Walirudi wote wawili, wakinitazama vingine.

"Kutoka nyumba yenu tuna taarifa ya mtu mmoja tu," alisema yule mwenzake. "Mwanamume. Ametokea kusikojulikana, hana mizigo, hana kazi. Sheha anaomba ushauri afanywe nini."

"Ndiye huyu," nikasema, nikafunua kanga.

Wakamtazama. Kwa masizi yale, kwa kweli, alifanana na mtu asiye na kazi. Yule mwenzake akarudi mezani kwake mbio, mabega yakimtikisika, lakini karani wetu hakucheka. Alivuta kiti, akachovya kalamu, akaanza upya.

Alipouliza jina la mtoto, mama mkwe aliinama akamnong'oneza sikioni, hata mimi niliyemzaa sikusikia. Karani akaandika.

"Ni mtoto wa ngapi kwa mama?"

"Wa tatu," nikasema.

"Wale wawili wameandikishwa?"

"Hawakuandikishwa."

"Wako wapi?"

Nikamfunika mtoto kanga tena. Karani akafahamu. Alisema kwa upole kwamba, maadamu hawakuandikishwa na sasa hawapo, aandike tu wa kwanza, kusiwe na maswali mbele. Nikaona yaleyale yanarudi. Nimekuja mpaka Chake kutafuta karatasi ya mmoja, na wawili wanafutwa palepale mbele ya macho yangu. Nilikuwa naogopa hata kuinua uso.

Mama mkwe, ambaye tangu tuwazike hakuwahi kuruhusu wale watoto watajwe nyumbani kwake, akaweka mkono juu ya meza.

"Andika wa tatu," alimwambia karani. "Wale wawili niliwakosha mimi kabla ya kuzikwa, kwa mikono hii."

Karani akaandika. Mama mkwe alijua kusoma msahafu, lakini maandishi ya ofisini hakuyajua. Akamwomba amwonyeshe hilo tatu ni lipi. Karani akaweka kidole. Mama mkwe aliinama juu ya neno lile, akabaki hivyo mpaka wino ukakauka.