Santu Alianzia Chini

Tangu ujana Santu ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani. Jibini lake la mbuzi lilisifiwa hadi mji wa Corte, lakini kijijini walimjua kwa ile sauti ya kati inayotangulia peke yake, kabla sauti nene haijaingia chini yake na nyembamba juu yake. Sauti nene ilikuwa ya mdogo wake, Orsu, mpaka siku Orsu alipompiga risasi mbwa wa Santu katika msako wa nguruwe mwitu, akakataa kuomba radhi. Miaka tisa walipishana bila salamu.

Sasa mama yao alilala ndani ya jeneza, na alikuwa ameagiza: misa yangu wataiimba wanangu.

"Amekuja," alinong'ona binamu yao Carulu, mwenye sauti nyembamba. "Santu, nakuomba, usimzamishe."

"Nimzamishe nini? Naimba tu."

"Nakujua, bwana. Kifua cha Orsu kimechoka. Ukianzia chini, itambidi ashuke chini zaidi, atapasuka sauti mbele ya kijiji kizima."

"Mbwa wangu naye alipasuka mbele ya kijiji kizima."

Wakasimama watatu, mabega yakigusana. Orsu alinuka tumbaku na mvua, macho ameyakaza ukutani. Santu akaziba sikio kwa kiganja ili aisikie sauti yake, akavuta pumzi.

Alianzia chini, chini kuliko alivyowahi kuanzia.

Orsu akaingia, akashuka, akatafuta pa kukanyaga asipapate. Sauti ikakwaruza, ikakatika. Nyuma, mtu akacheka puani. Santu alihisi bega la ndugu yake likitetemeka, na raha aliyoingojea miaka tisa ikamjia, chungu kama nyongo. Hatua tatu mbele yao, jeneza.

Katikati ya mstari wa pili akaipandisha sauti, waziwazi, kosa la mtu asiyejua kuimba. Carulu akashtuka, akafuata. Orsu akapata pa kusimama, na sauti yake ikalijaza kanisa.

Jeneza lilipotuliwa nje, likisubiri kubebwa kwenda makaburini, mzee Filippu hakuweza kujizuia.

"Santu! Leo masikio umeyasahau zizini?"

"Uzee, mzee wangu. Nilipotea."

Watu wakacheka chinichini. Kabla ya jioni bonde zima lingekuwa na habari hiyo. Orsu, aliyejua kwamba kaka yake hajawahi kupotea katika wimbo wowote, alizunguka jeneza, akainama, akashika upande wa pili, mkabala na Santu.

"Inua upande wako," alisema. "Utamwangusha mama."