Joho la Mwami

Naandika hii na hasira bado iko kooni, na atakayecheka aende kushonesha nguo kwa fundi mwingine. Mi nilikimbia Uvira wakati wa vita ya pili ya Kongo, shingoni nikiwa na futi ya kupimia tu, na leo kambi nzima ya Dzaleka, hapa Malawi, hakuna harusi inayopita bila mkono wangu (shule niliacha darasa la tatu, lakini waliosoma njo wanakuja kwangu kuvalishwa).

Sasa, mama mmoja mzungu, mwalimu wa muziki kule Lilongwe, alikuwa anatengeneza opera fupi fupi, yaani hadithi inayoimbwa mwanzo mpaka mwisho, kila moja kuhusu sikukuu ya watu fulani: Wahindi na taa zao, Wabrazili na ngoma zao, na korali yetu, kwaya ya kambi, ikapewa sikukuu ya mavuno ya kwetu. Nguo zote nikashona mi. Joho la mwami, mfalme wa kwetu, nikalipima kwa mwili wangu mwenyewe, kusudi lisimkae mwingine. Kosa njo hilo.

Zakaria, mwalimu wa korali, akaniambia, "Papa fundi, we haujui kuimba."

"Mwami haimbi, anaimbiwa."

"Basi kuya ku repetisyo, ufanye mazoezi na wengine."

"Kukaa kwenye kiti nako kunafundishwa?"

Sikwenda hata siku moja. Zakaria akawa anakaa mahali pangu.

Wiki zile mama mukwe alikuwa ametufikia kutoka vitani. Kwetu mukwe na mama mukwe hawaonani uso kwa uso mpaka mukwe atoe mbuzi, akitokea njia hii mi nashika ile, na Feza, mke wangu, alikuwa ananisukuma nimtoe haraka, mama yake aje kukaa kwetu, maana alikuwa analala kwenye banda la wanaofika, na kifua chake kibovu. Mbuzi nilishamchagua sokoni Mitundu. Jumamosi tunaimba, Jumatatu nampeleka.

Ukumbi ulijaa. Nikakaa kitini, joho mpaka kwenye vidole, ndani kaptula tu kwa sababu ya joto. Korali ikafungua njia, akatoka bibi mmoja amejifunika kitenge, sauti yake ya kutoa machozi, amebeba ugali wa mavuno ya kwanza amlishe mwami kwa mkono. Akapiga magoti, akamega tonge, akainua uso.

Mama mukwe. (Yeye alijua anamlisha Zakaria, aliyemzoea ku repetisyo. Feza alidhani mi najua mama yake ameingia korali.)

Akatupa sahani, akajifunika. Mi nikaruka, nikakanyaga joho, na mshono wangu, ule niliojisifia kambi nzima, ukapasuka kutoka shingoni mpaka chini, nikakimbia na kaptula katikati ya Wahindi na taa zao. Ukumbi ukapiga makofi, walidhani njo sikukuu yenyewe. Yule mzungu akanifuata nyuma ya pazia, anafuta machozi ya kucheka: "Nzuri sana. Kesho hivyo hivyo."

Nikamgeukia Zakaria. "Kwa nini haukuniambia?"

"Ungekuya ku repetisyo ungemuona, Papa fundi."

Jumatatu nilipeleka mbuzi, nikaongeza wa pili, wa aibu. Wote wawili wakarudishwa, na Feza akaniletea neno la mama yake: "Mwambie sina kinyongo. Lakini mapaja yake nimeyaona. Nyumba moja nitakaaje naye?"

Mpaka leo anakaa kwa Zakaria, aliyemtoa kwenye lile banda, anakoholea kule, na Feza anampelekea chakula kwanza ndipo ananipakulia mi. Mi jukwaani sipandi tena, hata wakinipa nafasi ya mti.