Maji ya Adelaïde

Pale Karuba, katika milima ya Masisi, Marcellin Nzabandora alikuwa masoni, fundi mwashi ambaye hakuna aliyebisha kazi yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, ila alipenda sifa kupita kiasi. Mtu akisimama mbele ya ukuta wake na kutikisa kichwa kwa mshangao, basi jioni hiyo Marcellin alikula bugali wake kwa raha.

Dada yake mkubwa, Adelaïde, aliishi kwenye mteremko, chini ya nyumba ya mfugaji mmoja Mbelgiji aliyeitwa Musiu Lambert. Uhuru ulikuwa umekwisha kuja na wazungu wengi walikuwa wamefunga masanduku yao, lakini Lambert na mke wake walibaki na ng'ombe wao na pisine yao, birika kubwa la sima, yaani saruji, ambamo Madame aliogelea kila asubuhi, hata baridi ya Masisi ilipong'ata mifupa.

Adelaïde alikuwa mjane, tena mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu utotoni. Kuteremka bondeni kuchota maji na kupanda tena na mtungi kichwani kulimtesa. Kisha, kiangazi kimoja, maji yakaanza kuchuruzika yenyewe kati ya mawe nyuma ya jiko lake. Alichimba kishimo, akakizungushia mawe, akapanda mashu, zile kabichi za wazungu, na yale mashu yakawa makubwa kama vichwa vya ndama. Hata Madame alikuwa akishuka kuyanunua. Adelaïde alisema Mungu amemkumbuka.

Baada ya muda Lambert alimwita Marcellin. Maji ya pisine yalikuwa yakipungua kila siku, na hakuna aliyejua yanakokwenda. Marcellin alifunga tuyo, bomba lililoyaleta kutoka kijito cha juu, akangoja. Maji yakashuka mpaka usawa fulani wa ukuta wa upande wa bonde, yakagoma kushuka zaidi. Akajua tundu liko hapo. Lakini nyufa zilikuwa nyingi, nyembamba kama nywele. Akaacha maji yapande tena kidogo, akaomba bleu, ile rangi ya samawati ya kufulia nguo, akaiyeyusha ndani ya chupa, akaingia majini akitetemeka na kuimimina polepole kandokando ya ukuta. Kwingine kote rangi ilitanda tu kama moshi. Kwenye pembe moja ikajinyoosha ikawa uzi, ukuta ukaumeza. Marcellin akacheka peke yake. Akamimina chupa yote pale, ili awe na hakika.

Jua lilikuwa bado halijafika utosini Adelaïde alipotokea mlangoni pa jiko la wazungu, akichechemea, kibuyu mkononi.

"Marcellin, kuja uone. Juzi maji yangu ilipunguka, leo inageuka bleu. Ni nani ananiloga?"

Marcellin alichungulia ndani ya kibuyu, akaelewa.

"Haiko buloji, dada. Ni maji ya pisine. Inapita mu ukuta, inashuka mpaka kwako."

"Na wewe njo utaiziba?"

"Njo kazi waliniitia."

"Iache, mudogo wangu. Ao uzibe nusu. Bo wazungu wanaogelea, mi niko nakunywa. Mguu yangu unaijua."

Marcellin alitazama vidole vyake vilivyopauka kwa maji. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mara Lambert akatokea nyuma ya nyumba.

"Umepata, Marcellin?"

"Nimepata, Musiu."

"Na maji inaendaka wapi?"

"Inapotea tu mu udongo."

Adelaïde alikuwa angali pale. Alimwaga maji ya kibuyu kwenye majani, akateremka zake.

Marcellin aliichimba ile pembe mpaka akakuta sima ngumu, akaiosha, akashindilia mchanganyiko mzito wa sima na mchanga laini, akaulainisha kwa mwiko na kuufunika magunia mabichi usikauke kwa haraka. Pisine ilipojazwa tena, maji hayakupungua hata kidogo. Lambert alimpiga bega kwa furaha. Sifa zikafika Mushaki, na wenye nyumba kubwa wakawa wanamtafuta.

Kishimo cha Adelaïde kikawa tope, kisha tope likapasuka. Akarudia njia ya bondeni. Mvua zilipoanza aliteleza na mtungi wake, ule mguu mbovu ukavunjika. Walimbeba kwa tipoyi, machela ya mabegani, mpaka hospitali ya Kirotshe, lakini mfupa uliunga vibaya. Libérata, binti yake aliyeolewa Walikale, chini kule msituni, akaja kumchukua. Marcellin ndiye aliyebeba mizigo mpaka kwenye kamio, lori la kwenda huko. Waliongea habari za blanketi tu, kama litatosha ao halitatosha.

Siku moja alikuwa akitengeneza ngazi za nyumba ya Lambert, Madame akamuuliza, "Ule mama wa mashu iko wapi? Sikumuona siku mingi."

Marcellin akamwambia yote. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyatamka.

Madame aliweka kikapu chini. "Lakini juu ya nini haukusema? Tuyo za zamani ziko zinalala nyuma ya zizi. Tungemutelemushia maji."

Marcellin alizijua zile tuyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyezipanga pale.

Alipanda kamio akaenda Walikale. Alimkuta Adelaïde kwenye mkeka, akimenya karanga, mguu umepinda mbele yake. Dada alimpokea vizuri, akamlisha samaki na ndizi. Marcellin aliposhiba akamweleza habari ya zile tuyo.

"Maji?" Adelaïde alisema. "Huku mvua inanyesha bila kuchoka. Maji ilishanipita. Lakini nilikuomba, Marcellin, na haukunijibu. Ungeniambia hata hapana."

"Unihurumie, dada. Rudia Karuba, nitakujengea karibu na kijito."

"Mguu hii haitapanda Masisi tena." Akamsogezea karanga. "Kula."

Alikaa huko siku chache, akamkandikia jiko, akarudi. Muda si mrefu vita vikafunga barabara. Habari ya kifo cha Adelaïde ilifika Karuba wakati matanga yalikuwa yamekwisha kuondolewa zamani. Marcellin alikuwa amewajengea watu wengi makaburi ya sima. La dada yake hakupata hata kuliona.