Mashine ya Maji ya Perege Wangu

Ninaandika haya kwa majuto. Marehemu mume wangu, dereva wa hoteli kule Ngorongoro, aliniachia tanki la kioo lenye samaki watatu aina ya perege aliowatoa kwenye chemchemi za Mang'ola. Wifi yangu Martha alitaka kuwachukua, akidai sitawaweza. Mimi, niliyehitimu kisomo cha watu wazima mwezi Novemba 1981, nikaazimia kumwonyesha.

Niliinua pipa la maji juu ya jukwaa, nikashusha mpira wa maji hadi tankini, kisha nikaubana kwa vibao viwili vyenye parafujo. Ukilegeza, maji yanakwenda kasi, ukikaza, yanapungua; yanayozidi hutoka kwa mpira mwingine hadi kwenye kabichi zangu bustanini. Perege walipojibanza nyuma ya jiwe, kwa elimu yangu yote nilidhani wanalalamika kwamba maji ni kidogo, kwani chemchemi ya kwao hutiririka kwa nguvu. Kila asubuhi nikazidi kulegeza.

Jumapili, tarehe 14 Machi 1982, nilimwalika Martha pamoja na akina mama wa jumuiya. Maji yalivuma hata sauti yangu haikusikika, basi nikakaza parafujo kabisa ili nihutubie vizuri.

"Ndugu zangu, samaki hawa wanachopenda..."

Hakuna aliyenitazama. Perege walikuwa wametoka nyuma ya jiwe, mapezi yamechanika, wakigombania makombo kwa njaa.

"Kumbe, wifi," Martha alisema taratibu, "mashine yako inafaa sana ikiwa imefungwa."

Nilikwenda jikoni kumtafutia ndoo ya kuwabebea.