Maziwa Chini ya Kiti

Majina ya wote waliokuwepo siku ile nayakumbuka, mpaka la ng'ombe aliyetoa yale maziwa, ila siyaandiki. Aibu ni yangu, inanitosha mwenyewe.

Gari la mwanangu liligoma kuwaka hapa nyumbani. Taa zote za dashibodi zinawaka, injini kimya. Mwanangu akamgeukia mkewe. "Wewe ndiye uliyekwenda nalo Kinyala jana. Usiliguse tena." Mkamwana wangu akampa ufunguo. Gari hilo ndilo analopelekea ndizi zake sokoni.

Mimi nilikuwa kibarazani, nachambua maharage ambayo nilishayachambua.

Akaja fundi wa umeme wa magari kutoka Bagamoyo ya huku kwetu, si ile ya pwani, akachomeka kimashine chake. Akatueleza kwamba ndani ya gari kuna visanduku: cha injini, cha breki, cha ufunguo. Vinaongea kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kimoja kikisema, vyote vinasikia, ila kinachohusika ndicho kinachofuata.

"Hilo nalijua," nikasema.

"Umelijulia wapi, Bibi?"

Nikamwambia. Nilipoolewa sikuruhusiwa kusema na baba mkwe wala kupishana naye njiani. Ndiyo mila yetu Wanyakyusa. Basi chakula kikiiva, namwambia kuku kwa sauti, "Wewe kuku, ndizi zinapoa." Nyumba nzima inasikia, baba mkwe ndiye anayenawa mikono.

Fundi akacheka. Nikavimba kichwa, mimi wa darasa la tatu.

Kisha akainua zulia chini ya kiti cha abiria, harufu ikatoka. "Kuna kitu kilimwagika hapa. Kiungio cha nyaya kimeliwa na kutu. Cha ufunguo kinasema, cha injini hakisikii."

Kitu chenyewe nilikijua. Wiki mbili nyuma, mkamwana aliponirudisha kutoka Suma, dumu langu la maziwa ya mgando lilifunguka miguuni. Nilipangusa na khanga kabla hajaona, tena nikajisifu kwa usafi.

"Si nilisema?" mwanangu akamwambia mkewe. "Unabeba nini humu?"

Kumwambia nikashindwa, mtoto niliyemzaa mwenyewe. Nikamgeukia kuku aliyekuwa anadonoa maharage yangu.

"Wewe kuku," nikasema kwa sauti, "maziwa yale yalimwagwa na bibi. Mkamwana hana kosa."

Kuku akaendelea kula. Mwanangu akamwekea mkewe ufunguo mkononi. "Nimekuonea," akasema.

Fundi aliposafisha kiungio, gari likawaka. Mkamwana akamwinamia kuku.

"Kuku, mwambie mama, safari ijayo dumu lake litapanda nyuma na ndizi."