Nyuma ya Viatu vya Mama Mkate

"Hivi wewe Fundi, umefungwa kamba? Mbona kila siku unamfuata Mama Mkate nyuma kama mkia?"

Jirani alimuuliza hivyo huku anafagia mlangoni pake, nasi tunapita. Fundi akamjibu, "Ananikingia upepo, mama. Mwili wote ule uende bure?" Tulicheka mpaka Mama Mkate akasimama kushika mbavu.

Fundi, mama wa binti mmoja, anashona sare za shule. Mimi na Mama Mkate, ambaye anauza mikate, tulijuana naye barabarani tu. Tulikuwa tunapishana alfajiri, kila mtu na mazoezi yake, kisha tukaanza kungojana, mwisho ikawa undugu. Asipotokea mmoja, wawili wanakwenda kumgongea.

Tusilolijua ni kwamba macho ya Fundi yalikuwa yanakwisha. Mchana alijikongoja, lakini alfajiri kwake ilikuwa giza tupu. Alifuata mlio wa viatu vya Mama Mkate, maana soli moja ilibanduka, ikawa inapiga lami pwata, pwata. Alinyamaza kwa kuwa binti yake alishasema: siku macho yakikushinda, mama, kutoka nje basi. Na huko nje ndiko tulikokuwa sisi.

Siku moja Mama Mkate akapeleka viatu vyake vikagundishwa. Alfajiri iliyofuata alikuja anajisifu, "Leo natembea kama paka!"

Fundi akashika nafasi yake nyuma.

Tuliondoka, sisi wawili mbele tunabishana habari za wakwe. Penye njia panda, mabishano yameshaisha, mwanamume mmoja alitupita mbio, ndala zinapiga kelele, akakata kushoto wanakochimba mtaro wa mabomba. Nilipogeuka nimuulize Fundi jambo, hayupo.

"Fundi!"

"Nipo!"

Sauti ilitoka kushoto. Yule mtu alikuwa ameruka mtaro akaenda zake. Kwenye mwanga wa taa ya mlinzi nikamwona Fundi amesimama ukingoni kabisa, vidole vya miguu viko hewani. Chini yake nondo zimesimama wima.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza, na akainua mguu.

"Usisogee!" Mama Mkate alipiga ukelele.

Mguu ukarudi chini. Mama Mkate akataka kumkimbilia, nikamvuta nguo, kwa sababu udongo wa pale ulishaanza kumong'onyoka. Nilikuwa nasali kimoyomoyo.

"Fundi, ndugu yangu, unaniona?" Mama Mkate akauliza.

Fundi akajibu polepole: "Sikuoni."

"Haya. Usigeuke. Rudi kinyumenyume, kisigino kwanza. Hivyo hivyo. Tena."

Donge kubwa likaporomoka, goti lake likapinda. Ee Mungu wangu! Akajiinua. Akarudi tena kidogo, na tena, mpaka mgongo wake ukagusa mikono yetu, tukaanguka wote watatu chini.

Mama Mkate alilia kwanza, ndipo akamgombeza. "Wewe mwanamke una roho ya namna gani? Ungekufa, binti yako ningemwambia nini?"

Hapo ndipo Fundi alipotueleza yote, habari za macho, habari za soli, na za ndala alizozifuata akidhani ni sisi. Hakulia. Alikuwa anapapasa lami akitafuta kiatu chake kilichomtoka mguuni, nami nikamvalisha.

"Mkimwambia binti yangu, sawa, ni haki yenu," akasema. "Ila kesho nipitieni. Nishikeni mkono, na msipunguze mwendo."